Mwindo Jukwaani: Namna Hadithi Kuu Inavyogeuzwa Kuwa Tamthilia ya Muziki

Mwaka 1956, katika kijiji cha Wanyanga kule Walikale, jirani zetu sisi wa Kindu upande wa mashariki, mtambaji Shé-Kárisi Rureke alitamba utendi wa Mwindo kwa siku 12. Hakuketi kitako akasimulia. Aliimba, akacheza, akaigiza visa vikubwa huku akitikisa kibuyu, na vijana watatu wakigonga kwa vijiti gogo lililolazwa juu ya vipande vya miti ili lilie vizuri. Waliokuwapo waliitikia na kumtunza. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, na wasaidizi wake waliandika kila neno. Mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu, wakauchapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tangu hapo dunia inausoma kimya kimya, kana kwamba ulizaliwa kitabuni.

Nauleta mbele ya wasomaji wa Kindu kwa sababu vikundi vyetu vya teatri na kwaya za parokia vina hamu ya kutengeneza tamthilia za muziki kutokana na hadithi kubwa, na nguvu nyingi zinapotea mahali pamoja. Mwandishi huandika mazungumzo yote kwanza, kisha humwita mwalimu wa kwaya achomeke nyimbo kati ya onyesho na onyesho. Wahusika hunena, husimama, huimba yaleyale waliyokwisha kuyanena, kisha hunena tena. Muziki wa namna hiyo ni pambo tu. Ukitaka kuupima, uondoe wimbo: hadithi ikiendelea bila kuyumba, wimbo ule haukuwa na kazi.

Wimbo wa jukwaani sharti uchukue mzigo kutoka kwa maneno. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Victor Hugo, mwandishi tunayekutana naye katika vitabu vya Kifaransa shuleni. Riwaya yake *Les Misérables* ya mwaka 1862 ni mlima wa kurasa. Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg waliigeuza kuwa tamthilia ya muziki iliyoonyeshwa Paris mwaka 1980, kisha London mwaka 1985. Kurasa nyingi za Hugo kuhusu vita vya Waterloo na historia ya mitaro ya Paris waliziacha. Lakini tazama walivyotenda mahali pagumu. Jean Valjean, mfungwa wa zamani, anahurumiwa na askofu ambaye yeye Valjean alimwibia vyombo vya fedha, na huruma hiyo inampasua moyo. Miaka mingi baadaye Javert, polisi aliyemwinda maisha yake yote, anahurumiwa na Valjean huyohuyo, naye pia anapasuka. Mtunzi aliwapa watu hawa wawili muziki uleule. Mmoja anaimba na kuanza maisha mapya. Mwingine anaimba na kujitupa mtoni. Hugo alihitaji sura nzima kueleza kilichomvunja Javert. Msikilizaji wa tamthilia anakielewa kwa sikio, kwa sababu sauti ile alikwisha kuisikia.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo tumewahi kuwekwa kwenye jukwaa la namna hiyo, ingawa na watu wa mbali. Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika Kusini alionyesha *Macbeth*, kutokana na opera ambayo Verdi aliitunga mwaka 1847 kwa kufuata tamthilia ya Shakespeare. Mtunzi Mbelgiji Fabrizio Cassol aliupunguza muziki wa Verdi ukatosha wapigaji 12. Wahusika wake ni wakimbizi wa vita vya Kongo walioko Goma, wanaokuta sanduku la mavazi na muziki wa opera lililoachwa tangu enzi ya ukoloni. Macbeth ni mbabe wa vita, na wachawi wanaomdanganya wamegeuka wafanyabiashara wa kampuni ya madini. Nakubali kwamba ukataji ule ni wa kishujaa, na wazo la wachawi ni la kweli kabisa kwa yeyote anayeishi karibu na machimbo. Ila wimbo ulibaki wa Kiitaliano. Mama wa Goma ambaye maisha yake ndiyo yamesimuliwa angehitaji kusoma maandishi ili ajue kinachoimbwa juu yake, na hilo kwangu ni hasara kubwa.

Ndiyo maana namtetea Mwindo. Visa vyake vimekwisha kugawanywa kati ya neno na wimbo. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, amekataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ana usinga wa mkia wa nyati. Baba anajaribu kumuua, anashindwa, mwisho anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma haizami. Mtoto aliye ndani anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, na anasafiri majini akiwaamuru samaki wampishe njia. Shangazi anapoichana ngozi ya ngoma, mwanga kama wa jua na mwezi unatoka ndani.

Fikiri kama mwongozaji. Mhusika mkuu haonekani, anasikika tu. Ngoma ni chombo cha muziki, ni jeneza, ni mtumbwi. Hapa maneno ya mazungumzo hayana kazi hata kidogo, na mtunzi atakayempa Mwindo hotuba badala ya wimbo atakuwa ameua onyesho zuri kuliko yote. Kwa mji ulio kandoni mwa Lualaba, unaojua ngoma na unaojua maji, sioni kazi ya kwanza iliyo bora kuliko hiyo.

Kuhusu lugha, ningeweka mazungumzo kwa Kiswahili na viitikio kwa Kinyanga. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la muziki likiangukia silabi ya mwisho, watu husikia sauti wakakosa neno. Kinyanga nacho ni lugha ya toni, kwa hiyo ukiyabandika maneno yake juu ya sauti ya wimbo wa kanisani, maana inaweza kupotoka. Mzungumzaji wa Kinyanga awe chumbani tangu siku ya kwanza, na wazee wenye utendi waombwe ruhusa kabla ya hapo.

Asitishike mtu na urefu. Biebuyck mwenyewe alieleza kwamba watambaji hawakuwa na desturi ya kuutamba utendi wote mfululizo, walichagua visa. Isitoshe, kitabu chake *Hero and Chief* cha mwaka 1978 kina tendi nyingine tatu za Wanyanga, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba njia ni moja tu. Kikundi kinaweza kuanza na ngoma mtoni peke yake, nusu saa, waimbaji sita, gogo, kibuyu na ngoma moja kubwa.

Sehemu ya mwisho ningeiacha mpaka kikundi kikomae. Mwindo, akiwa sasa mtemi, anachukuliwa na Nkuba, radi, apelekwe mbinguni kwa adhabu, na huko Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanamkemea kwa majivuno yake. Mtu aliyeimba kuanzia utoto sasa lazima anyamaze na kusikiliza. Wimbo unapaswa kuhamia kwa kwaya, sauti nne kwa wakemeaji wanne, na Mwindo asipewe hata noti moja hadi arudishwe Tubondo kuwatangazia watu wake sheria alizofundishwa.