Misuli Ikiumia, Damu Husema Nini?

Je, umewahi kufanya kazi ngumu au kukimbia mbali bila mazoea, kisha kesho yake ukashindwa hata kushuka ngazi? Wengi wetu tumeyaona hayo, na kwa kawaida maumivu hupoa yenyewe baada ya siku chache. Lakini kuna wakati misuli huumia kiasi cha kuhatarisha figo, na hapo ndipo karatasi ya maabara inapohitaji kusomwa kwa makini.

Hapa Isinya niliwahi kumpokea kijana aliyekuwa akijiandaa kwa zoezi la kusajili makurutu. Alikuwa amekaa miezi bila mazoezi. Kisha kwa siku tatu mfululizo alikimbia kandokando ya barabara ya Namanga juani, na kumalizia kwa kuchuchumaa na kuinuka mamia ya mara. Siku ya nne mapaja yalikuwa yamevimba na kukaza kama mbao, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Zahanati ya kwanza aliyokwenda ilimwambia ini lake ni gonjwa, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Alinijia na karatasi iliyojaa vishale vya kuelekea juu.

"Daktari, ini hili litapona?" aliniuliza.

Msomaji, ini la kijana yule lilikuwa zima kabisa.

Ugonjwa wa Jumatatu

Wafugaji wa farasi waliyajua maradhi haya zamani. Huko Ulaya, farasi wa mikokoteni alipumzika Jumapili huku akilishwa nafaka kama siku za kazi. Jumatatu akirudishwa barabarani, misuli ya makalio ilikakamaa, jasho likamtoka na mkojo ukawa mweusi. Watu wakauita ugonjwa wa Jumatatu. Hadi leo, farasi wa mbio ndefu, zikiwemo zile za kilomita 160, wakikakamaa hupimwa damu kwa vipimo vilevile tunavyotumia kwa binadamu.

Kwa upande wa binadamu, mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall wa London waliandika habari za majeruhi wa mabomu waliofukuliwa wakiwa hai, miguu yao ikiwa imebanwa na vifusi, kisha wakafa siku chache baadaye kwa kushindwa kwa figo. Iwe ni kifusi au ni mbio, jambo ni moja: msuli ukipasuka, vilivyomo ndani yake humwagika katika damu.

Kuisoma karatasi

Kipimo cha kwanza ni CK, ambacho maabara nyingine huandika CPK. Hiki ni kimeng'enya cha misuli. Karatasi nyingi huonyesha kiwango cha kawaida kuwa chini ya 200 hivi. Hata hivyo, wanaume wengi wa Kiafrika walio wazima huwa na 300 au zaidi, kwa hiyo kishale kimoja kisikukoseshe usingizi. Tena, sindano ya dawa ya maumivu uliyodungwa takoni inaweza kuipandisha CK. Mweleze daktari kama ulidungwa.

CK ikizidi 1,000, tunasema misuli imeumia hasa. Ikizidi 5,000, tunazihofia figo. Kijana yule alikuwa na 31,000.

La muhimu zaidi ni wakati. CK huanza kupanda saa chache baada ya msuli kuumia, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka kwa takriban asilimia 40 kila siku. Kipimo kimoja hakitoshi. Ukipimwa mapema mno, utaambiwa huna neno. Kama namba haishuki baada ya siku tatu, bado kuna jambo linaloendelea kuiharibu misuli.

Kipimo cha pili ni AST, au SGOT. Hapa ndipo wengi hupotoka. Kimeng'enya hiki kimo ndani ya ini, lakini kimo pia ndani ya misuli. AST ikipanda pamoja na CK baada ya kazi ngumu, mtuhumiwa wa kwanza ni msuli. Daktari anaweza kuhakikisha kwa kupima GGT, ambayo misuli haiitoi.

Tatu, angalia kriatinini na potasiamu. Kriatinini ikipanda, figo zinazidiwa. Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Ikipita 6, moyo unaweza kusimama ghafla. Hiyo ndiyo namba inayoua haraka, ingawa mgonjwa mwenyewe huwa anaitazama CK kwa kuwa ndiyo kubwa.

Mwisho ni mkojo. Kijikaratasi cha kupimia kitaonyesha damu, lakini kwenye darubini chembe nyekundu hazionekani, au ni chache mno. Hiyo si damu bali ni mayoglobini, rangi ya msuli inayochujwa na figo na kuweza kuziba vijifereji vyake. Mayoglobini hutoka upesi. Mkojo unaweza kuwa mweupe tena huku CK ikiwa bado juu. Usidhani umepona.

Ufanye nini?

Ukiona mkojo wa rangi ya chai au kola baada ya kazi nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tiba kubwa ni maji mengi kwa njia ya dripu ili figo zisafishike, pamoja na kupima damu mara kwa mara. Usimeze ibuprofen wala diclofenac, kwa maana dawa hizo huzibana figo zilizokwisha kulemewa. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kupunguza mafuta katika damu, maana baadhi yake huumiza misuli.

Nilimpeleka kijana yule hospitali kubwa bila kuchelewa. Baada ya siku tatu za dripu CK ilikuwa imeshuka hadi 7,000 hivi, na kriatinini ilikuwa inarudi mahali pake. Hakuhitaji mashine ya kusafisha damu. Lakini angechelewa siku mbili zaidi akinywa dawa za ini, pengine tungekuwa tunasimulia mengine.

Wewe unayejiandaa kwa mbio, au mchungaji unayeswaga ng'ombe kutwa wakati wa kiangazi, kumbuka kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ongeza mazoezi polepole, kunywa maji, pumzika jua linapokuwa utosini, na usikimbie ukiwa na homa. Na ukipewa karatasi yenye vishale, muulize daktari maswali matatu: CK ni ngapi leo, inapanda au inashuka, na figo zangu zinasemaje?