FiSAT kwenye Linux: programu ya Windows inafanyaje kazi bila Windows?

Kunduchi kuna diko la samaki, na kuna ofisi za TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Kwa mwanafunzi wa uvuvi, kinachounganisha hivyo viwili ni rula: unapima urefu wa samaki mmoja mmoja, mwezi hadi mwezi, halafu kompyuta inakadiria wanakua kwa kasi gani na kama wanavuliwa kupita kiasi.

Programu iliyozoeleka kwa hesabu hizo ni FiSAT, iliyozaliwa kwa kuunganisha ELEFAN ya ICLARM na LFSA ya FAO. Ya kwanza ilikuwa ya DOS. FiSAT II, ambayo mwongozo wake ulitoka 2005, ni ya Windows. Haiuzwi, inatolewa bure. Sasa je, kama kompyuta yako ina Linux? Wengi hukimbilia Windows iliyochakachuliwa kutoka kwenye flashi ya rafiki, na virusi vinaingia humo humo zilipo data za mwaka mzima. Ipo njia nyingine.

Kwanza, kwa nini inagoma? Si kwamba prosesa haielewi. Prosesa ya Intel au AMD hutekeleza maagizo yale yale, iwe chini ya Windows au Linux. Tatizo liko sehemu mbili. Faili la .exe limepangwa kwa muundo uitwao PE, wakati Linux hutumia ELF. Halafu, programu haifanyi kila kitu yenyewe: ikitaka kufungua faili au kuchora dirisha, inauomba mfumo endeshi. Programu ya Windows huomba kwa majina ya Windows, mfano CreateFile. Linux nayo inafungua mafaili, ila huduma yake inaitwa open. Huduma ipo, jina ndilo halijulikani.

Hapo ndipo inapoingia Wine, mradi ulioanza 1993. Wine inalisoma faili la .exe, inalipakia kwenye kumbukumbu, na kila ombi la Windows inalitimiza kwa huduma za Linux. Ile diski C: ambayo programu inaiona ni folda tu, drive_c, ndani ya folda iliyofichwa ya .wine. Hii si emuleta. Emuleta huiga prosesa yenyewe, agizo kwa agizo, ndiyo maana huwa nzito.

Ugumu ni kwamba huduma za Windows ni maelfu, na waandishi wa Wine walilazimika kuziandika upya bila msimbo wa Microsoft. Toleo la 1.0 lilitoka 2008, miaka 15 baada ya kuanza! Kwa hiyo programu moja itafunguka vizuri, nyingine itapoteza vitufe, nyingine itajizima.

Ikigoma kabisa, kuna mashine pepe kama VirtualBox: kompyuta ndani ya kompyuta, yenye Windows kamili. Inaaminika zaidi, ila inahitaji leseni na inakula RAM. Ukiwa na GB 4, ukampa mgeni GB 2, mwenyeji naye anabaki anahema. Kwa FiSAT ya enzi za DOS, jaribu DOSBox. Hiyo ni emuleta kweli, lakini programu za DOS ni nyepesi, hutausikia uzito.

Jambo la mwisho ndilo kubwa: kufunguka si kukokotoa sawasawa. Chukua data zile zile, ziendeshe kwenye kompyuta ya maabara yenye Windows, kisha kwenye yako. Linganisha L∞ (urefu wa juu) na K (kasi ya kukua). Kagua pia desimali, maana 24.5 na 24,5 zinaweza kusomwa tofauti kulingana na mpangilio wa lugha. Zikipishana, usiendelee, tumia TropFishR, kifurushi cha R chenye ELEFAN ambacho Linux inakiendesha bila mkalimani. Kutokana na K ndipo tunakadiria vifo vya samaki, na kutokana na vifo ndipo tunashauri wavuliwe kiasi gani. Namba ikikosewa kwenye kompyuta yako, atakayelipa ni mvuvi wa dikoni.