Wiki mbili za fundi wa Chepilat

"Simama wima, kanyaga ukuta na visigino," fundi aliniambia, kisha akanipima kutoka kinena hadi chini kwa futi ya mshonaji. Sentimita 93. Akapiga magoti, akaanza kuchora kwa chaki kwenye sakafu ya simiti: bomba la kiti, bomba la juu, bomba la chini, mahali pa uma wa mbele. Alipoinuka, baiskeli yangu ilikuwa imelala pale sakafuni, saizi yake kamili.

"Wiki mbili," akasema.

Nikamtumia 6,000 kwa M-Pesa, nusu ya bei. Hiyo ilikuwa Julai.

Kama wewe ni mtu wa kimo cha kawaida huenda usinielewe. Mimi ni futi sita na inchi nne. Baiskeli za gia za mtumba unazoona sokoni nyingi zilitengenezewa watoto wa Wazungu, nikikalia moja magoti yanagonga usukani. Black Mamba inanitosha urefu, lakini ni chuma cha zaidi ya kilo 20 kabla hujapakia chochote, na haina gia. Sasa wewe panda nayo milima ya huku na trei za mayai kwenye kareya. Mayai ndiyo kazi yangu tangu niache chuo: nayatoa kwa wafugaji, napelekea hoteli ndogo za Keroka na Sotik. Boda inakula faida yote. Nilihitaji urefu wa Mamba, gia za mtumba na kareya pana, na hakuna duka linalouza kitu kama hicho. Kuna fundi tu.

Na huyu fundi yuko upande wa pili wa barabara. Kwa msomaji wa Nairobi hiyo si kitu, ni kuvuka tu. Lakini Chepilat iko mpakani, upande mmoja Nyamira, upande mwingine Bomet, sisi Wagusii huku na Wakipsigis kule. Mapema 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huu wa Borabu na Sotik uliwaka. Nyumba na maduka yakachomwa, watu wakauawa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Siku hizi soko ni moja, tunauziana kila kitu, lakini wazazi wetu bado wanahesabu.

Mama aliposikia nimeuza laptopu nikapeleka pesa kule, alinyamaza kwanza. Kisha: "Mwanangu, karo ilikushinda, sasa unalipia chuma ambacho hakipo? Na kwa mtu wa upande ule?" Mama huyo huyo hununua maziwa upande ule kila asubuhi. Nilipomkumbusha akanijibu kwamba maziwa unayaona kabla ya kulipa.

Wiki mbili zikaisha. Nikaenda.

"Bwakire," fundi akanisalimia kwa Kigusii, kama kawaida yake. "Chamgei," nikamjibu kwa Kikipsigis, kama kawaida yangu. Fremu? Kesho. Agosti ilikuwa stima imepotea. Kisha gesi ikaisha. Kisha kulikuwa na mazishi. Septemba nikapata amechora geti la mtu juu ya baiskeli yangu, palepale sakafuni. Chaki ya bomba langu la juu ilibaki kama sentimita ishirini hivi, inatokea chini ya geti.

Halafu Oktoba, na Oktoba huku usimwambie fundi habari ya baiskeli. Ni mwezi wa bonasi ya majani chai. Mkulima anayepeleka majani kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mwaka wa fedha ukifungwa Juni na hesabu kupigwa, salio linakuja kwa mpigo. Watu wanaoa, wanalipa madeni, wanaezeka. Na kila nyumba mpya inataka milango ya chuma, madirisha na geti lenye maua. Geti moja lina faida kuliko fremu yangu mara tatu. Hata mimi ningechomelea geti.

Usiku nilikuwa nasoma habari za mafundi wa nje ili nijipe moyo. Marekani kuna Richard Sachs, anajenga fremu peke yake kwa mkono, na foleni ya wateja wake iliwahi kufika miaka kadhaa. Miaka, wasee. Nikajifunza pia kwa nini fremu nzuri si bomba lolote tu. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya kutengeneza bomba lenye kuta nene miishoni na nyembamba katikati, kwa sababu mishono iko miishoni na huko ndiko fremu hupasuka. Katikati unapunguza uzito bure. Fundi wangu hana bomba la hivyo. Ana mabomba ya kawaida ya kutengenezea viti, na fremu kuukuu ambayo angekata kasha la pedali na kichwa cha uma.

Lakini hao wateja wa Marekani nadhani wana tofauti moja na mimi: hakuna anayewauliza nyumbani kila jioni kama wameibiwa. Kufikia mwisho wa Oktoba nilikuwa nimeanza kumwamini Mama. Siku moja nikavuka barabara nikiwa na hotuba kichwani, ile ya kudai pesa, na nakiri kulikuwa na maneno ndani yake ambayo hayakuhusu baiskeli. Yalihusu "nyinyi".

Fundi hakuwepo. Kijana wake wa mkono alikuwa anapiga msasa. Nikakaa juu ya wilbaro kumngoja, na nikiwa nimeinama naona miguu ya wilbaro ina kitu. Bomba lenye pembe ninayoijua. Juu yake, karibu na mshono uliokatwa kwa greinda, chaki imeandikwa: 93.

Fundi alipofika akaona ninachotazama. Hakunisalimia.

"Hiyo ilikuwa yako," akasema. "Niliimaliza Agosti. Ilipinda."

Akachukua kamba, akanionyesha kwenye fremu nyingine. Unaifunga nyuma pale gurudumu linaposhikwa, unaizungusha mbele kwenye kichwa, unairudisha nyuma upande wa pili. Kisha unapima kutoka bomba la kiti hadi kamba, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Yangu ilipishana milimita 8. Joto la kuchomelea lilivuta chuma upande mmoja, na alipojaribu kuirudisha mshono ukapasuka.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nimekula pesa yako nikatengeneza wilbaro?"

Stima, gesi, mazishi. Kumbe muda wote huo alikuwa anaokota mabomba mengine kwa pesa yake, polepole, katikati ya mageti.

Nilibaki pale hadi jioni nikishika mabomba. Safari hii alichomelea vidoti vinne kwanza kila mshono, akihama pande, akiacha chuma kipoe kabla ya kuendelea. Ni kazi ya polepole inayokera kutazama. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Hotuba yangu nilirudi nayo nyumbani, na kwa Mama nilisema tu stima ilipotea.

Jumanne iliyopita kamba ilikuwa tayari imefungwa. Fundi akanipa rula nipime mwenyewe. Kushoto milimita 31. Kulia 31. Nikapima tena, akacheka.

Bado haina rangi. Kwa mvua ya huku itaanza kushika kutu kabla ya Krismasi. Amesema niirudishe ipakwe mageti yakiisha.

"Lini hiyo?"

"Wiki mbili."