Je, Wajua? Timu iliyoshinda mara moja tu ugenini

Msimu mbovu kuliko wote katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ni wa Washington Capitals mwaka 1974–75. Ulikuwa msimu wao wa kwanza. Katika mechi 80 walishinda 8, wakatoka sare 5 na kufungwa 67. Nyavu zao zilitikiswa mara 446, wao wakipachika mabao 181 tu. Makocha watatu walipokezana benchi, na hakuna aliyeokoa jahazi.

Lakini lawama zote wasibebeshwe wachezaji. Timu mpya ziliokota wale ambao klabu kongwe hazikuwahitaji, na ligi pinzani ya WHA ilikuwa imeshanyakua vipaji vingi kwa mishahara minono. Mwonee huruma kipa Michel Belhumeur: alimaliza msimu bila ushindi hata mmoja kwa jina lake, akiwa amepoteza mechi 24. Ushindi wote 8 uliandikwa kwa mwenzake, Ron Low.

Ugenini ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe. Walipoteza mechi 37 mfululizo, hadi Machi 28, 1975, walipowalaza California Golden Seals 5–3. Wachezaji walinyanyua pipa la taka na kuzunguka nalo, eti ndilo kombe la ubingwa! Kombe halisi, Stanley Cup, Capitals walilitwaa mwaka 2018.