Alama nane za historia Nairobi: nauli ni ndogo, deni ni kubwa

Alama nane za historia, kuanzia katikati ya Nairobi hadi Karen, zinaweza kupigwa picha kwa siku moja kwa nauli isiyofika shilingi 500, bila kuhesabu viingilio.

Sita za kwanza hazidai nauli. Anzia Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 ambalo ndilo kitovu cha kupimia umbali wa miji ya Kenya. Fuata Kenyatta Avenue hadi mnara wa Galton-Fenzi, aliyeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, kisha Mnara wa Askari. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, yuko kwenye barabara yenye jina lake. Sanamu yake ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya iko Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Malizia kwenye bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Mwendo wote ni kama kilomita mbili.

Magharibi ndiko kwenye gharama. Kuna makaburi ya vita ya Ngong Road na makumbusho ya mwandishi Karen Blixen, nyumba aliyoishi kuanzia 1917 hadi 1931. Tukadirie matatu shilingi 50 hadi makaburini, 80 hadi Karen, bodaboda 200 kwenda makumbusho na kurudi, na 120 kurejea mjini. Jumla ni 450. Gari binafsi litatembea kama kilomita 40. Tukikadiria lita nne za shilingi 180 kila moja, mafuta ni 720. Ongeza maegesho ya 300, unafika 1,020. Mkiwa wawili kila mmoja atatoa 510, mkiwa watatu 340. Kwa hiyo gari linalipa kuanzia mtu wa tatu. Mvua ikinyesha, nauli za matatu hupanda, na hesabu hubadilika.

Lakini hesabu nzito zaidi imo kwenye mawe yenyewe. Makaburi ya Ngong Road yana wanajeshi zaidi ya 1,900 wa Vita Kuu ya Pili, na karibu kila kaburi lina jina. Mnara wa Askari una sanamu tatu za shaba, na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kwa heshima ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Hauna jina la hata mmoja wao.

Hilo halikuwa kosa la fundi. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi waliobeba risasi na chakula cha jeshi wamo katika hesabu hiyo, na mtaa wa Kariokor bado unabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Kwa hiyo unapopiga picha, usiishie kwenye sura ya sanamu. Piga maandishi yote, kila lugha, kila upande, uandike tarehe na mahali. Kisha waulize wazee wa kwenu ni nani aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile asirudi. Jina lake liandike, kwa sababu kwenye mnara halimo.