Chetambe: Vita vya mageni waliopigania nchi isiyo yao

KILIMA cha Chetambe, kinachoinuka juu ya mji wa Webuye katika kaunti ya Bungoma, kilishuhudia mnamo Agosti 1895 mojawapo ya mapigano makali zaidi yaliyowahi kutokea magharibi mwa Kenya. Huelezwa kwa kawaida kuwa vita vya Waingereza na Wabukusu. Ukweli ni kwamba Waingereza waliokuwapo walikuwa wachache mno.

Walioongoza msafara huo ni C. W. Hobley, mwanajiolojia aliyegeuka mtawala, pamoja na William Grant aliyetoka Busoga. Nyuma yao waliandamana Waganda, Wamaasai na watu wa Nabongo Mumia wa Wanga. Uti wa mgongo wa jeshi hilo, hata hivyo, ulikuwa ni askari wa Sudan.

Hao walifikaje huku? Walikuwa walinzi wa jimbo la Equatoria chini ya serikali ya Misri. Khartoum ilipotekwa na wafuasi wa Mahdi mnamo Januari 1885, walikatiwa njia ya kurudi kwao. Gavana wao, Emin Pasha, aliondoka na Stanley mwaka 1889, nao wakabaki karibu na Ziwa Albert wakiwa na kamanda wao Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard akawakuta Kavalli na kuwaajiri. Walikuwa wazoefu wa vita, nao hawakuwa na pengine pa kwenda.

Chanzo cha vita kilikuwa bunduki. Wabukusu walikuwa wamejipatia silaha kutoka kwa misafara iliyopita, na kituo cha Mumias kikatuma askari wapatao 25 kwenda kuzichukua. Karibu wote waliuawa. Kwa utawala mchanga usio na nguvu, kunyamaza kungekuwa ni kukiri kushindwa.

Wabukusu hawakukimbilia msituni. Walijifungia katika ngome zao, kwanza Lumboka na kisha Chetambe. Ngome hizo, ziitwazo chingoba, zilizungukwa na handaki na ukuta wa udongo, na milango yake ilikuwa myembamba. Zilikuwa zimejengwa kuwazuia wavamizi wenye mikuki, na kwa kazi hiyo zilifaa sana. Mbele ya bunduki ya rashasha, ambayo askari wa kale waliiita bombomu, ukuta wa udongo haukutosha. Hata hivyo waliokuwa ndani walishikilia, na wengi wakafa humo. Watachoni nao husema Chetambe ni vita vyao, kwa kuwa ngome ilibeba jina la mzee wao; si rahisi kuwakatalia.

Washindi hawakufaidi sana. Mwaka 1897 askari wa Sudan, wakilalamikia mshahara duni na safari zisizokwisha, waliasi Eldama Ravine na kuiteka ngome ya Luba huko Busoga. Wazao wa wenzao, Wanubi, waliishi Kibera kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kukabidhiwa hati ya ardhi mwaka 2017.

Walioshindwa walipoteza zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya Trans Nzoia kuzunguka Kitale yaligawiwa wazungu waliotoka jeshini chini ya mpango wa 1919. Waafrika waliopigana katika vita hivyo hivyo hawakupewa hata kishamba. Wabukusu wengi waliingia Kitale wakiwa vibarua katika nchi ambamo babu zao walichunga ng'ombe.

Kwa hiyo haikuwa ajabu Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipowaongoza wafuasi wake hadi Chetambe mwaka 1947 kutoa kafara kwa ajili ya waliouawa mwaka 1895. Serikali ya kikoloni ilielewa maana yake upesi. Mwaka uliofuata dini hiyo ilipigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu.