Maana ya "laini" katika mpindo wa vekta

laini *kv.* Katika mazungumzo ya kawaida, -siokwaruza. Katika hisabati kivumishi hiki kina sharti mahususi. Mfasiri akilisahau, kanuni nzima hupotoka.

Mfano. Tai anapaa kwa kuzunguka juu ya Mlima Balili, Bunda. Mahali alipo baada ya sekunde *t* huonyeshwa na vekta ya namba tatu, kwa mita na kwa pembe za radiani:

(30 cos 0.4*t*, 30 sin 0.4*t*, 5*t*)

Vekta ya mwendo wake hupatikana kwa kutafuta kadiri ya badiliko la kila namba peke yake:

(−12 sin 0.4*t*, 12 cos 0.4*t*, 5)

Ukubwa wake ni √(144 + 25), yaani mita 13 kwa sekunde, wakati wote. Vekta hii hubadilika bila kukatika, wala haiwi sifuri kamwe. Kwa hiyo njia ya tai, inayopanda kama hesi za parafujo, ni *mpindo laini*.

Angalizo. Sharti la kutokuwa sifuri si pambo. Vekta ya mwendo wa (*t*², *t*³, 0) haikatiki, lakini *t* ikiwa 0 huwa sifuri. Hapo njia hufanya ncha kali na kugeuka ghafla.

Matumizi. Baadhi ya waandishi husema *mkunjo laini*. Hata hivyo, kukunja huleta taswira ya nguo yenye alama ya kukunjwa, kinyume cha ulaini. *Mpindo*, kutokana na kupinda, unafaa zaidi.